Polaraizesheni ya Protoni Inapopotea Kwenye Pete: Dalili, Visababishi na Pa Kuanzia

Elektroni zikiachwa zizunguke kwenye pete ya kiongeza kasi kwa muda wa kutosha, hujipolarisha zenyewe kwa kutoa mnururisho. Protoni hazina bahati hiyo. Polaraizesheni, yaani kiwango ambacho spini za protoni (kila moja kama sumaku ndogo yenye mwelekeo) zimeelekea upande mmoja, iliyotoka kwenye chanzo cha protoni ndiyo mtaji wote, na ikipotea njiani hakuna kifaa cha mbele kitakachoirudisha. Kwa hiyo ukiona namba ndogo kwenye skrini, usianze kuuliza imepotea kwa nini. Uliza imepotea wapi: kwenye chanzo, kwenye pete ndogo, wakati wa kuhamishwa, wakati wa kupandisha nishati, au mwale ukiwa umeshatulia juu. Mifano mingi hapa inatoka maabara ya Brookhaven, Marekani, kwa kuwa pete ya RHIC ndiyo pekee iliyowahi kugonganisha protoni zenye polaraizesheni kwa nishati kubwa.

Hesabu za kuwa nazo karibu

Spini ya protoni huzunguka uga wima wa sumaku kama pia iliyoinama. Katika pete isiyo na vifaa maalumu, spini huzunguka mara Gγ kila protoni inapomaliza mzunguko mmoja wa pete. G ni 1.793, na γ ni nishati jumla ya protoni ikigawanywa kwa MeV 938. Hiyo ndiyo tuni ya spini, nayo hupanda kwa 1 kila nishati inapoongezeka kwa MeV 523. Namba hii 523 ikae kichwani, maana itakusaidia kuliko kifaa chochote.

Matatizo huanza pale spini inaposukumwa na uga wa mlalo kwa mdundo uleule inaozunguka nao. Rezonansi za kasoro hutokea Gγ ikiwa namba kamili. Chanzo chake ni sumaku zisizokaa sawa na obiti inayopanda na kushuka. Rezonansi za asili hutokea Gγ ikiwa sawa na kP ± νy, ambapo k ni namba kamili yoyote, P ni idadi ya sehemu za pete zinazojirudia na νy ni tuni ya wima, yaani idadi ya mayumbo ya wima ya protoni kwa kila mzunguko wa pete. Hizi haziondoki hata sumaku zikipangwa kikamilifu, kwa sababu kila protoni huyumba wima ndani ya sumaku za ncha nne.

Kiasi kinachobaki baada ya kuvuka rezonansi moja kilikokotolewa na Froissart na Stora mwaka 1960: Pf/Pi = 2e^(−x) − 1, ambapo x = π|ε|²/2α. ε ni nguvu ya rezonansi, α ni kasi ya kuivuka. Ukiwa na x ya 0.005 unapoteza asilimia 1. Kwa x ya 0.69 hakibaki kitu. Kwa x ya 5.3 spini zinageuka juu chini na asilimia 99 ya polaraizesheni inabaki, ila alama imebadilika. Eneo la hatari ni hapo katikati, na ni pana: kutoka rezonansi dhaifu isiyodhuru hadi yenye nguvu isiyodhuru, ε lazima iongezeke takriban mara 32. Karibu kila dawa iliyomo humu ni njia ya kutoka katikati hapo, kwa upande mmoja au mwingine.

Dalili: polarimita inasoma chini, mwale wenyewe hauna tatizo

Shuku polarimita, kifaa cha kupima polaraizesheni, kwanza. Si kwamba ni kifaa kibaya, ila ishara inayopima ni ndogo mno. Kwenye nishati za RHIC, polarimita ya kaboni hupima tofauti ya kushoto na kulia ya viini vya kaboni vilivyorushwa, na uwezo wake wa kutofautisha ni asilimia chache tu. Ukichukua asilimia 1, matukio milioni 20 yanakupa kosa la takriban asilimia 2 ya polaraizesheni. Aliyepima kwa matukio laki chache kisha akatangaza kuwa imeshuka kwa 5 hajapima chochote.

Baada ya takwimu, angalia vifurushi vya protoni. Mwale hupangwa kwa vifurushi vyenye spini juu na vingine chini, ili makosa ya upande mmoja wa kigunduzi yafutane. Tengeneza pia vifurushi visivyo na polaraizesheni: visiposoma sifuri, tatizo liko kwenye kigunduzi au kwenye nafasi ya mwale, wala si kwenye spini. Kisha hakiki kipimo cha nishati cha vigunduzi kwa chanzo cha alfa, kwani silikoni iliyopigwa na mnururisho kwa muda mrefu husogea taratibu.

Kisababishi cha tatu husahaulika mno: mahali utepe wa kaboni, shabaha ya polarimita, ulipokatia mwale. Utepe huo una upana wa takriban mikromita 10, mwembamba kuliko mwale. Polaraizesheni katikati ya mwale ni kubwa kuliko pembeni, hivyo utepe uliosimama katikati tu utasoma juu ya wastani, na uliosogea pembeni utasoma chini. Pitisha utepe kwenye mwale wote, wima na mlalo, uchore umbo la polaraizesheni lote. Umbo hilo litakusaidia tena mbele.

Polarimita ya kaboni hutoa namba ya kulinganisha. Namba halisi hutoka kwenye shabaha ya atomi za hidrojeni zenye polaraizesheni inayojulikana. Zikitofautiana kwa muda mrefu, shika ya hidrojeni.

*Simama hapa:* utepe ukikatika, usijaribu kuingiza mwingine huku mwale ukiwa na nguvu kamili. Shinikizo la ombwe likipanda, waite watu wa ombwe kabla ya kufungua vali yoyote. Mtambo wa hidrojeni una gesi inayowaka. Waachie wenye mafunzo nao.

Dalili: namba iko chini tangu mwanzo, kila mahali kwa kiwango kilekile

Ikiwa upungufu unaoonekana juu ulikuwepo tayari kwenye polarimita ya kwanza, pete haina hatia. Huko Brookhaven kipimo hicho kiko baada ya kiongeza kasi cha mstari, kwenye MeV 200, na chanzo kizuri hutoa asilimia 80 au zaidi kidogo. Kinachokutwa mara nyingi ni leza ya chanzo iliyotoka kwenye urefu wake wa wimbi, kisha mvuke wa metali ya alkali wenye msongamano usiofaa, kisha uga wa sumaku wa chanzo. Leza na umeme wa volti nyingi si vya kuchokonoa. Piga simu kwa wasimamizi wa chanzo, nawe usiguse pete mpaka wakujibu, la sivyo mtajikuta mmebadilisha vitu viwili kwa pamoja na hakuna atakayejua kipi kilisaidia.

Dalili: inashuka kwa ngazi wakati wa kupandisha nishati, na ngazi ziko kwenye namba kamili za Gγ

Hizi ni rezonansi za kasoro. Zithibitishe kwa kupandisha nishati hadi viwango tofauti na kupima kwenye kila kimoja. Ngazi zikitengana kwa MeV 523 au mafungu yake, una jibu.

Kisababishi cha kwanza ni obiti ya wima iliyobadilika tangu marekebisho ya mwisho. Linganisha obiti ya leo na ile ya siku polaraizesheni ilipokuwa nzuri, na usiangalie wastani wake peke yake. Kinachoumiza ni hamoniki ya obiti iliyo karibu na namba kamili inayovukwa, na obiti yenye wastani mdogo inaweza kubeba hamoniki hiyo hiyo mbaya. Kisababishi cha pili ni kipima nafasi kinachodanganya: mfumo wa kurekebisha obiti hukiamini na kusukuma mwale kwenda pabaya kwa uaminifu mkubwa. Cha tatu ni sumaku iliyohama kweli.

Matengenezo mepesi ni kurekebisha hamoniki. Chagua rezonansi moja, ongeza kwenye sumaku za kurekebisha wimbi la saini na la kosaini la hamoniki husika, kisha pima polaraizesheni kwa thamani mbalimbali. Utapata kilima, kaa kileleni. Pete ndogo ya Brookhaven ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa kuwa mwale huingia Gγ ikiwa karibu 2.18 na kutoka ikiwa 4.5, kwa hiyo kuna namba kamili mbili tu za kushughulikia, 3 na 4.

Kwenye pete kubwa zaidi njia hiyo inachosha. AGS, pete ya Brookhaven inayofuata ile ndogo, hupandisha mwale kutoka Gγ 4.5 hadi 45.5, yaani namba kamili 41. Ndiyo maana mwaka 1994 ilijaribiwa dawa ya kinyume: kuongeza nguvu ya rezonansi makusudi kwa nyoka wa Siberia (sumaku inayogeuza spini) asiye kamili, wa asilimia 5 ya mgeuko wa nyuzi 180, ili kila namba kamili igeuze spini zote badala ya kuzitawanya. Ukiwa na nyoka wa aina hii na bado unaona ngazi, angalia kama mkondo wake unapanda sambamba na sumaku za pete. Nyoka aliyechelewa ni dhaifu, na nyoka dhaifu anakurudisha katikati.

*Simama hapa:* ikiwa marekebisho unayohitaji yanakaribia kikomo cha vifaa vya umeme vya sumaku, usiongeze. Waite wapimaji wa mpangilio wa sumaku. Sumaku iliyohama huwekwa sawa kwa vipimo, haifichwi kwa mkondo.

Dalili: inashuka sehemu chache tu, na inazidi mwale ukiwa mnene

Hii ndiyo dalili yenye mengi ya kusema. Nguvu ya rezonansi ya asili hukua na ukubwa wa yumbo la wima. Protoni ya katikati kabisa haiioni, ya pembeni inapigwa sana. Kipimo rahisi: punguza idadi ya protoni kwa kila kifurushi, au kwangua kingo za mwale kwa wima, upime upya. Polaraizesheni ikipanda, acha kutafuta kwingine. Na lile umbo ulilochora mwanzo litakuwa na kilele kikali katikati.

Kisababishi kinachoongoza ni emitansi ya wima (kipimo cha mtawanyiko wa mwale) iliyokua kabla ya rezonansi, si rezonansi yenyewe. Fuatilia nyuma: mwale uliingizwa ukiwa umepinda kidogo? Umbo lake halikulingana na pete inayoupokea? Umepita kwenye tabaka la kung'olea elektroni mara nyingi kupita kiasi? Mara nyingi dawa ya polaraizesheni inapatikana kwa mtu anayeshughulikia uingizaji, ambaye hajawahi kufikiria spini hata kidogo.

Kisababishi cha pili ni tuni ya wima isiyo mahali pake wakati wa kuvuka. Hakiki kwa kuipima wakati nishati inapanda, usitegemee iliyoandikwa kwenye faili la mipangilio.

Kuhusu dawa nzito, kwanza tahadhari ya kihesabu. Wengi hudhani wakiifanya rezonansi kuwa kali vya kutosha, spini zitageuka zote. Chukua mwale wa kawaida ambao x yake kwa protoni ya wastani ni 5.3, ile iliyotoa asilimia 99 hapo juu. Ukijumlisha protoni zote, kinachobaki ni (1 − x)/(1 + x), yaani asilimia 68 tu, kwa sababu protoni za katikati hazikugeuka. Upande wa pili hauna mtego huo: x ya 0.005 bado inapoteza asilimia 1 tu.

Kwa hiyo njia ya kwanza kihistoria ilikuwa kuvuka haraka. Tangu mwaka 1973 mashine ya ZGS ya maabara ya Argonne, Marekani, ilipoongeza kasi ya protoni zenye polaraizesheni, ilitumia sumaku za ncha nne za msukumo kuhamisha tuni ghafla rezonansi inapofika, na AGS ilifuata miaka ya 1980. Gharama yake ni emitansi kukua, na muda wa kufyatua lazima uwe sahihi. Ukitumia njia hii, kosa la kwanza kutafuta ni muda: sogeza ufyatuaji mbele na nyuma, na uone kama polaraizesheni ina uwanda au ina ncha. Ncha kali inamaanisha msukumo ni mdogo mno.

Njia ya pili ni kuutikisa mwale wote kwa pamoja kwa sumaku ya mkondo wa kupishana, ili hata protoni za katikati zipate yumbo kubwa na kugeuka. Ikiwashwa na kuzimwa taratibu, emitansi haikui. Ikishindwa, kwa kawaida masafa yake yako mbali na tuni halisi ya siku hiyo.

Ya tatu ni nyoka asiye kamili mwenye nguvu. Nyoka wa asilimia 10 huizuia tuni ya spini isiikaribie namba kamili kwa chini ya 0.05. Ukiiweka tuni ya wima ndani ya pengo hilo, rezonansi ya asili haitokei kabisa. AGS ilipata nafasi hiyo kwa nyoka wawili wa helikali waliotenganishwa kwa theluthi ya pete, huku tuni ya wima ikiwekwa karibu sana na 9. Ukiona upotevu katika mpangilio huu, angalia tuni iliyotoka nje ya pengo kabla ya jambo lingine lolote. Pengo ni jembamba na tuni karibu na namba kamili haina utulivu.

Dalili: hakuna ngazi kubwa, lakini jumla inapungua polepole njia nzima

Hutokea kwenye pete zenye nyoka wasio kamili. Nyoka huyo huinamisha mwelekeo thabiti wa spini (ule unaojirudia kila mzunguko wa pete) kutoka wima, na mara tu unapoinama, yumbo la mlalo nalo linaanza kuusumbua. Rezonansi za namna hii ni dhaifu, lakini ni nyingi: mbili kwa kila namba kamili, na kwa AGS mara 41 unapata 82. Hakuna hata moja utakayoiona peke yake.

Hakiki emitansi ya mlalo na tuni ya mlalo. Kisha, ikiwa mashine ina sumaku za kurusha tuni ya mlalo, hakiki muda wa kila mruko dhidi ya nishati iliyopimwa. Kosa dogo la nishati linakosesha miruko yote 82 kwa pamoja, na hapo unakuwa umelipia gharama bila kupata faida.

Dalili: upotevu unaonekana baada tu ya kuhamishwa pete hadi pete

Mwelekeo thabiti wa spini unapotoka haulingani na ule unaoingia. Kinachobaki ni kosaini ya pembe kati yao: nyuzi 10 zinakula asilimia 1.5, nyuzi 20 zinakula 6, nyuzi 30 zinakula 13. Hakiki nishati ya kuhamisha (Gγ iwe nusu kati ya namba kamili, kama 4.5 au 45.5) na mkondo wa nyoka wakati huo. Hili ni tatizo jepesi, na huisha kwa siku moja.

Dalili: pete ina nyoka kamili, na bado inashuka juu ya GeV 100

Nyoka kamili wa Siberia, waliobuniwa na Derbenev na Kondratenko huko Novosibirsk miaka ya 1970 na kujaribiwa mara ya kwanza Indiana mwaka 1989, hugeuza spini nyuzi 180. RHIC ilikuwa na wawili kwa kila pete, mihimili yao ikiwa na pembe ya nyuzi 90 kati yake, na tuni ya spini ikabaki 0.5 kwa nishati zote. Hata hivyo pete hiyo ina rezonansi za asili zenye nguvu sana karibu na GeV 136, 199 na 221. Hapo nyoka wenyewe huzaa rezonansi mpya pale tuni ya wima ikizidishwa kwa namba kamili inapokutana na tuni ya spini.

Anza na tuni. Sehemu ya desimali ya tuni ya wima ikiwa 0.7, mara tano inatoa 3.5, na desimali yake ni sawa na tuni ya spini, hiyo ni rezonansi ya nyoka. Kwenye 0.6875, mara nane inatoa 5.5. Chini yake kuna 2/3, ambayo haili spini bali mwale wenyewe. Nafasi ya kukaa kati ya 2/3 na 0.6875 ni 0.02 tu. Tuni ikipimwa vizuri wakati wote wa kupanda, nusu ya kazi imekwisha.

Pili, obiti. Rezonansi za daraja shufwa kama ile ya mara nane hupata nguvu obiti ya wima ikiwa na kasoro. Kwa hiyo ukiona upotevu hasa karibu na 0.6875, rekebisha obiti badala ya kukimbiza tuni.

Tatu, tuni ya spini isiyo 0.5. Mhimili wa nyoka ukikosea kwa nyuzi 1, inahama kwa takriban 0.006. Tofauti ya pembe ya mlalo ya obiti kati ya nyoka wawili inadhuru zaidi, maana huzidishwa kwa (1 + Gγ)/π: kwenye GeV 255, miliradiani 0.1 inahamisha tuni ya spini kwa zaidi ya 0.015. Sahihisha pembe kwanza, mkondo wa nyoka baadaye.

*Simama hapa:* nyoka wa RHIC ni sumaku za upitishaji mkuu, zenye uga wa hadi tesla 4 ndani ya heliamu ya kimiminika. Nyoka akipoteza ubaridi ghafla, usimwashe tena kwa sababu skrini imerudi kijani. Mwite mtaalamu wa ubaridi na yule wa kinga ya sumaku, wakague, waidhinishe. Heliamu ikivuja ndani ya handaki hufukuza oksijeni bila harufu wala onyo: toka kwanza, piga simu ukiwa nje.

Dalili: inapungua saa baada ya saa mwale ukiwa umetulia

Migongano ya miale hupanua mtawanyiko wa tuni, na sehemu ya protoni inafika 0.7. Linganisha kifurushi kinachogongana na kisichogongana. Kama vyote viwili vinashuka sawa, tafuta tuni inayotembea au emitansi inayokua.

Dalili: ukubwa ni sahihi, alama ni kinyume

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Hesabu migeuko: 41 ni namba witiri, kwa hiyo mwale ulioingia ukiwa juu unatoka ukiwa chini. Kwenye pete yenye nyoka wawili, mwelekeo ni juu nusu moja ya pete na chini nusu nyingine, basi alama hutegemea polarimita ilipowekwa. Kisha angalia orodha ya mpangilio wa vifurushi kutoka kwenye chanzo. Ikiwa alama imegeuka leo na jana haikuwa hivyo, na hakuna aliyebadilisha orodha, kuna rezonansi iliyohama kutoka upande mmoja wa eneo la hatari kwenda wa pili. Rudi kwenye vipimo vya ngazi na uitafute kabla haijatulia katikati.